Dikteta hupandishwa na nani: bunduki au makofi yetu?

Kijiwe Barabara ya 8
Jana usiku kahawani Ngamiani, hapa Tanga, tulibishana mpaka mwenye dele akazima mkaa. Mzee mmoja anasema dikteta ni mtu wa bunduki, basi. Alfajiri anateka redio, mkiamka nchi si yenu. Mimi nikasema bunduki huja baadaye, kwanza yanakuja makofi. Amin alipochukua Uganda mwaka 1972, Rais Obote akiwa London, watu wa Kampala walicheza ngoma barabarani. Leteni hoja. Matusi wekeni akiba ya mechi ya Jumapili.

Mwalimu Mstaafu
Januari 1971, kijana wangu. Na Obote alikuwa Singapore, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. 1972 ndio aliwafukuza Wahindi kwa kuwapa siku 90. Ila hoja yako nzuri, umeiacha nusu tu. Amin alianza kwa wema. Aliwafungulia wafungwa wa kisiasa wa Obote, akaahidi uchaguzi, akarudisha mwili wa Kabaka Mutesa kutoka Uingereza ukazikwe kwao. Mtu amekuletea maiti ya mfalme wako, hutampigia makofi? Mmoja wa waliofunguliwa ni Benedicto Kiwanuka, na Amin akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 watu wa Amin wakamfuata huyo huyo mahakamani, mchana, wakaondoka naye. Hakurudi.

Mkonge Mkavu
Hitler naye alijaribu bunduki kwanza, Munich 1923, akaishia jela. Mara ya pili akapita mlangoni. Tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg alimteua mwenyewe, na kwenye baraza la mawaziri alikuwa na wenzake wa chama wawili tu. Wakubwa waliomwingiza walidhani wamepata punda wa kubebea mizigo yao. Februari jengo la bunge likaungua, amri ya dharura ikatoka. Machi bunge lenyewe likampa ruhusa ya kutunga sheria bila bunge.
Lakini watu wa Tanga mnashangaa nini? Hofu tumewauzia wenzetu sisi. Maakida, wale watumishi wa Mjerumani waliomsimamia vijiji, waliowatandika watu wa bara walitoka wapi? Walisomeshwa hapa hapa, shule ya Mjerumani, wakavaa kanzu nyeupe, wakakabidhiwa kiboko.

Pweza wa Raskazone
Umeanza vizuri, umemalizia na nyongo. Babu yetu mzaa babu alikuwa akida, huko Handeni. Alisoma, aliandika hati za kizungu na za kiarabu, watu walimfuata kwa ugomvi wa mashamba na ndoa. Sasa wewe na simu yako unamweka kapu moja na Hitler? Uwe na haya kidogo.

Msambaa wa Soni
Ugomvi wa mashamba, ndio. Na hamsa ishirini je? Au hiyo kwenu haikusimuliwa? Kwetu mtoto aliyechelewa kurudi na kuni anatishwa kwa neno hilo mpaka leo, na hajui maana yake ni viboko ishirini na tano vya Mjerumani.

Pweza wa Raskazone
Kiboko kilishikwa na askari. Akida hakushika.

Msambaa wa Soni
Ahaa. Kumbe alikuwa anatazama tu.

Binti Pangani
Jamani, mnapigana na makaburi. Mimi nina swali la karibu zaidi. Mwaka 1962, uhuru haujamaliza mwaka, Tanganyika ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Haikuletwa na Amin wala Mjerumani. Wabunge wetu wenyewe waliipitisha. Kama tunajadili hofu inavyotengenezwa, tuanzie hapo.

Mkonge Mkavu
Pangani nyamazeni kabisa kwenye habari za usaliti. Bushiri, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Mjerumani, alinyongewa kwenu Desemba 1889, na waliomkamata wakamkabidhi kwa Mjerumani walikuwa weusi kama mimi na wewe.

Binti Pangani
Nimeuliza sheria ya 1962 unanijibu Bushiri. Kwani Bushiri alikuwa mbunge?

Mzee Kagera 79
Vijana, Amin mmemsoma, mimi nimemfuata kwa miguu. Aliingiza jeshi Kagera mwishoni mwa 1978. Mwalimu Nyerere akatangaza redioni, ile ya uwezo, sababu na nia, tukapanda malori. Kampala tuliichukua tarehe 11 Aprili 1979. Nitawaambia kilichonishangaza. Amin alishakimbia, sisi tumo mjini na vifaru, na bado mtu ukimuuliza njia anajibu kwa kunong'ona, macho yanatazama barabarani kama kuna gari inakuja. Watu wake wa usalama, ile idara waliyoipa jina la utafiti, hawakuvaa sare. Miwani myeusi, mashati ya maua maua. Anakutia kwenye buti la gari mchana kweupe, na wapita njia wanatazama viatu vyao. Mpaka namba za magari yale watu walizijua kwa moyo, zilianza na UVS.
Kwa hiyo kijana wa Barabara ya 8, makofi ni ya wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo ni buti la gari.

Kijiwe Barabara ya 8
Shikamoo mzee. Lakini nani alikuwa anawaambia wenye mashati ya maua nyumba ipi waende? Mji mzima ule wangejuaje nani anasema nini?

Mzee Kagera 79
Marahaba. Jirani. Mdaiwa aliyetaka deni life. Mwenye kutaka duka la Mhindi. Nilidhani hilo unalijua.

Msambaa wa Soni
Na karani. Msimsahau karani. Usambara, kuanzia 1907, kila mwanaume alipewa kadi, siku 30 za kazi kwa mzungu ndani ya miezi minne. Hukuzimaliza, unapelekwa kazi za serikali. Mzungu mmoja angezijuaje sura za milima yote ile? Kuna mtu aliyeandika majina. Mtu mwenye mwandiko mzuri.

Pweza wa Raskazone
Unanisema mimi.

Msambaa wa Soni
Nasema mwandiko.

Dereva Mstaafu wa Mombo
Hiyo ya kadi imenikumbusha Malawi. Miaka ya 80 nilipeleka mizigo Blantyre. Wenyeji bila kadi ya chama cha Rais Banda hawapandi basi, hawaingii sokoni. Waliokagua si jeshi, ni vijana wa chama, wengine ndevu hazijaota. Bibi mzima na kikapu cha nyanya anarudishwa nyumbani na mtoto. Na mwanamke kuvaa suruali marufuku kisheria! Turniboi wangu alikuwa na nywele ndefu, nilimnyoa mpakani kwa wembe.

Mkonge Mkavu
Hahaha, na wewe ulinunua kadi?

Dereva Mstaafu wa Mombo
Mimi mgeni. Lakini picha ya Banda niliibandika kwenye kioo cha lori. Nilikuwa na watoto wanne.

Mwalimu Mstaafu
Asante kwa kusema kweli, dereva. Huyo Banda alikuwa rais wa maisha tangu 1971, na Juni 1993 watu wakampiga kwenye kura ya maoni, wale wale wenye kadi mfukoni. Mwaka uliofuata Muluzi akamshinda kwenye uchaguzi.

Binti Pangani
Narudia. 1962. Mmeipita kama msiba wa jirani mgomvi.

Mkonge Mkavu
Dada, ile ilikuwa nchi changa, ilihitaji ulinzi.

Binti Pangani
Hitler naye alisema hivyo baada ya bunge kuungua. Umeandika mwenyewe huko juu.

Kijiwe Barabara ya 8
Tafadhalini tusimguse Mwalimu, mada ni madikteta.

Binti Pangani
Sijamtaja mtu. Nimetaja sheria. Wewe ndiye uliyeshtuka.

Pweza wa Raskazone
Samahani nawakatiza. Nimempigia shangazi Handeni, ana miaka themanini na kitu, nikitaka anipe neno la kumfunga mdomo huyu Msambaa. Akacheka. Anasema kiboko kweli alishika askari, ila askari yule hesabu ilimpotea kila akipita kumi. Kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa anahesabu. Kwa sauti, mbele ya watu, mpaka ishirini na tano. Habari za shule na kanzu nimesimuliwa tangu utotoni. Hii ya kuhesabu nimeisikia leo.

Msambaa wa Soni
Ilikuwa Handeni tu, au alifika na Korogwe?

Pweza wa Raskazone
Shangazi anasema na Korogwe alikaa.

Msambaa wa Soni
Haya.

Mkonge Mkavu
Msambaa, sema kitu basi.

Msambaa wa Soni
Niseme nini, sikuchapwa mimi. Barabara ya 8, kesho dele linawaka saa ngapi?

Kijiwe Barabara ya 8
Baada ya isha. Pweza njoo, kashata juu yangu. Binti Pangani na wewe karibu, hiyo 1962 tutaizungumza kwa utulivu.

Binti Pangani
Kijiweni kwenu mnakaa wanaume watupu, na mkizungumza kwa utulivu hakuna anayeandika. Nijibuni hapa hapa.