Mlezi wa mtoto mwenye VVU kachoka akili, tuanzie wapi?

Mhudumu wa Jamii, Mufindi
Kamwene wakuu. Huku walezi wengi ni bibi na mashangazi. Wingi wa virusi kwenye damu ya mtoto ukipanda, kliniki ya VVU (CTC) inamgombeza mlezi kwamba hampi mtoto dawa. Ukifika kwake unakuta hapati usingizi, chakula hakipiti, anajifungia ndani. Namuulizaje bila kumtia aibu?

Muuguzi wa CTC, Mbeya
Tumia PHQ-9, dodoso la kupima sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa): maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mpe rufaa. Kama hasomi, msomee wewe, watoto wakiwa nje.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na ndilo watu huliruka kwa kuona haya. Liulize wazi, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu zaidi ya 0, hata kama jumla ni 4, asibaki peke yake na aonwe siku hiyohiyo.

Usitegemee aseme "nina huzuni". Atasema kichwa kizito, moyo unaenda mbio, mwili unauma, kisha atapewa panadol na kurudi vilevile. Akianzishiwa dawa za sonona, mweleze mapema kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, la sivyo ataziacha wiki ya kwanza.

Mfamasia
Kabla ya kumlaumu bibi, mpimeni mtoto uzito! Dolutegravir (dawa ya VVU) ya watoto ya mg 10 hutolewa kwa kilo: kilo 10 hadi 13.9 vidonge 2, kilo 14 hadi 19.9 vidonge 2 na nusu, mara moja kwa siku. Akifika kilo 20 anahamia kidonge 1 cha mg 50. Mtoto akikua na dozi ikabaki ya zamani, virusi vinaweza kupanda bila kosa la mlezi. Akitapika ndani ya dakika 30, arudie dozi.

WAVIU Mshauri (anayeishi na VVU na kushauri wenzake), Njombe
Naongeza la siri, maana ndilo linalowamaliza. Bibi anadanganya kwamba ni dawa za kifua, mtoto wa miaka 11 anagoma kwa sababu kifua hakimuumi. Tangu 2011 WHO inashauri mtoto wa umri wa shule ajulishwe hali yake hatua kwa hatua. Wa miaka 6 inatosha kusikia kwamba dawa inawalaza wadudu walio kwenye damu; jina la VVU lifuate kadiri anavyoelewa, bibi akiwepo na mshauri pembeni.

Mhudumu wa Jamii, Mufindi
Na anayeogopa kuonekana anakwenda kwa "daktari wa vichaa"?

Muuguzi wa CTC, Mbeya
Omba aonwe hapohapo CTC, tarehe ya mtoto. Nauli moja, foleni moja, na jirani hana cha kuuliza.