Tupeane uzoefu: tunaojitolea kusimama mbele za watu kuzungumzia sonona na baipola, Kigoma na Tabora

Mvuvi wa Kibirizi:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Najua humu tuko kadhaa tunaozunguka kuongea na watu kuhusu maradhi haya, yaani sonona (huzuni nzito isiyoisha) na baipola (mtu anapanda juu mno, kisha anaanguka chini mno), bila posho. Naomba kila mtu aseme yaliyomkuta. Naanza mimi.

Nimevua dagaa miaka mingi, na nina baipola. Mwaka wa nne huu nasimama mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, nikiongea na wavuvi. Mara ya kwanza nilisoma karatasi: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019. Vijana wakaendelea kushona nyavu zao. Mara ya pili karatasi niliiacha nyumbani. Nikasimulia nilivyokaa siku tano silali wala sichoki, nikauza injini ya boti kwa bei ya kutupa, nikanunua mbao za boti tatu. Mtaani wakasema hela zimenipanda kichwani. Kisha nikaanguka, wiki sita ndani, hata kuoga kunanishinda, na safari hii ikawa nimetupiwa jini. Hapo mikono ikaacha nyavu.

Nikatoa mfukoni kidaftari changu cha kliniki na vidonge vyangu, nikavipitisha kwa watu. Mzee mmoja akavishika muda mrefu, akavigeuzageuza, akasema taratibu, "Hivi ndivyo anavyokunywa mwanangu. Mama yake anavificha kwenye debe la unga." Tangu siku hiyo naondoka na dawa zangu kila ninapokwenda kuongea.

Lingine ninalolisema kila mara: nilipoanguka nilikwenda zahanati nikaeleza huzuni tu. Zile siku tano sikuzitaja, maana kwangu zilikuwa raha. Nikapewa dawa ya sonona peke yake, na wiki chache baadaye nikapanda tena, vibaya kuliko mwanzo. Dawa hiyo peke yake inaweza kumpandisha mwenye baipola. Kwa hiyo nawaambia watu, ukienda kutibiwa eleza na siku ulizokuwa juu, na ikiwezekana nenda na mtu aliyekuona.

Kuhusu wakati, mimi nachagua siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, vyombo viko nchi kavu na watu wamelala usiku. Siku za giza utaongea na watu wanaosinzia. Tena kwetu huku kukesha ndiyo kazi yenyewe, na kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha kupanda. Mimi ilibidi niache kwenda majini usiku, sasa napokea mzigo alfajiri na kusimamia uanikaji. Kipato kimepungua. Hilo nalo nawaambia, nisije nikawadanganya.

Mama Mawese, Ujiji:
Ahsante kaka yangu. Mimi yangu ni sonona ya baada ya kujifungua. Naongea siku za kliniki ya watoto, kina mama wakiwa wamekaa foleni ya mzani. Neno sonona silitangulizi. Nauliza tu, "Nani hapa ameshamsikia mwanawe analia, asihisi chochote moyoni?" Hakuna anayenyoosha mkono, na mimi sisubiri mkono. Siku moja nilimwona dada mmoja aliyekuwa anamfunga mtoto kofia, vidole vikasimama kwenye kamba. Nikaendelea na yangu bila kumkazia macho. Baadaye alinifuata nje, nyuma ya tangi la maji, tukakaa karibu saa nzima.

Jamani, msiondoke mkimaliza kuongea. Wanaokuhitaji watakuja baadaye, mmoja mmoja.

Swali ninaloulizwa sana ni dua au dawa. Nawajibu mimi naswali na dawa nakunywa. Na nawaambia mapema kwamba dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa mtu kuona nafuu, maana wengi wanazitupa siku ya nne, midomo imekauka na hakuna walichokiona.

Mwalimu mstaafu, Tabora:
Mwangaluka wote. Mimi nazunguka vijiji vya tumbaku, kule ambako baba anakesha akichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku, na msimu ukiharibika anabaki na deni la pembejeo. Kiongozi mmoja aliniita pembeni akanikataza kutamka neno kujiua, eti nitawapa watu wazo. Nilimjibu kwa heshima. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo, na mara nyingi anashusha pumzi kwamba hatimaye ameulizwa. Mwanangu sikumuuliza. Nilikuwa namwambia ajikaze, mwanaume halii. Nasimama kwa sababu hiyo, na sitaacha.

Ila msizidishe. Mwaka jana niliongea siku tatu mfululizo na nikaumwa mwezi mzima. Sasa ni mara moja kwa wiki, na mke wangu yupo.

Bodaboda wa Mwanga:
Wakubwa, mimi nina sonona na sijawahi kuongea. Nimeombwa nisimame tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Nimekubali lakini silali. Abiria wakishajua, nani atapanda pikipiki yangu?

Mvuvi wa Kibirizi:
Mdogo wangu, wengine watakuacha. Mimi waliniacha wawili niliovua nao tangu ujana, na mmoja hajarudi mpaka leo. Ukishatamka mbele za watu huwezi kulirudisha, kwa hiyo aliyekuomba mwambie asubiri, hakuna atakayekudai. Nyumbani kwako wanajua? Anza na hao.

Na kama huwezi kulala, usingoje Oktoba, rudi kliniki wiki hii. Mbalamwezi inaanza Ijumaa, nitakuwa mwaloni saa kumi jioni. Njoo unishikie kipaza sauti. Huna haja ya kusema kitu.