Mjadala: Nyumba ya bei nafuu Nairobi ni nafuu kwa nani?

Mtoa hoja:
Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024 baada ya Mahakama Kuu kuiharamisha tozo ya awali ya nyumba Novemba 2023, inaihesabu nyumba kuwa nafuu iwapo kuipanga au kuinunua hakumgharimu mtu zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake ya mwezi. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamweka anayepata Sh20,000 na anayepata Sh149,000 katika kundi moja. Asilimia 30 ya wa kwanza ni Sh6,000. Ya wa pili ni Sh44,700. Mjenzi anayetaka pesa zake zirudi atamjengea yupi?

Wanaopata chini ya Sh20,000 wametengewa nyumba za kijamii, na hilo ni jambo jema. Lakini mapato ya kibarua wa mjengo hayana mwezi; huja siku kwa siku, na wiki ya mvua huenda yasije kabisa. Ndiyo sababu chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 kule Mukuru, mtaa wa mabanda, hakikosi mpangaji, ijapokuwa choo ni cha ploti nzima na maji hununuliwa kwa mtungi. Keateka, yaani msimamizi wa ploti anayekusanya kodi, huweza kubembelezwa asubiri hadi Jumamosi, na Eneo la Viwanda hufikiwa kwa miguu. Mhamishie mtu huyo kwenye nyumba safi iliyo mbali, na nauli ya matatu itameza kila alichookoa kwenye kodi. Kwa maoni yangu, unafuu upimwe kwa kinachobaki mfukoni baada ya kodi, nauli, maji na unga.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mtoa hoja, sikubaliani nawe. Serikali haiwezi kupanga bajeti kwa kuchungulia sufuria ya kila mtu. Mfanyakazi aliyeajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho, na ni haki yao kujua kwamba nyumba wanazozichangia zina kikomo cha bei kinachoeleweka. Ukikiondoa, kila waziri atakuja na kipimo chake.

Mtoa hoja:
Kikomo kibaki, sina ugomvi nacho. Ninachokipinga ni kukimbilia kuuza. Katika jiji ambalo takribani kaya 9 kati ya 10 ni za wapangaji, na katika nchi yenye mikopo ya rehani ya nyumba ipatayo 30,000 tu, kumwambia mtu aweke amana kwanza ndipo afikiriwe ni kumfungia mlango huku ukimwonyesha ufunguo. Sehemu kubwa ya nyumba hizi ingebaki mali ya umma na kupangishwa daima, kama mtaa wa Kaloleni uliojengwa enzi za ukoloni, ambao hadi leo uko chini ya kaunti na kodi yake ni ndogo kuliko ya soko. (Mabomba yake ya maji taka sitayasifu.)

Mchangiaji wa pili:
Umeutaja mtaa ambao unaidhoofisha hoja yako. Katika mitaa hiyo ya kaunti wapo wapangaji waliosajiliwa ambao hawaishi humo tena, bali huwapangishia wengine kwa bei ya soko na kuweka faida mfukoni. Nyumba zikibaki za umma, ni nani atakayehakiki kila mwaka kwamba anayelala ndani ndiye aliyekusudiwa, naye atalipwa kutoka fungu lipi?