Tupeane uzoefu: tanzia gani (kisa kinachoishia kwa msiba) ilikukaa kichwani, na uliisomaje?

Wakuu, nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita. Kila nikisahihisha insha za tamthiliya nakutana na jibu lile lile: "Dhamira kuu ni kifo." Jamani! Kifo ni tukio tu. Dhamira ni kile mwandishi anachokisema kupitia kifo hicho.

Naanza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Wanafunzi hukimbilia Majimaji na Wajerumani, maana historia wameshaikariri. Mimi huwasimamisha pale Kinjeketile akiwa amepandwa na Hongo, mzimu wa mtoni, anapotamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anagutuka: tumfukuze Mjerumani ili tutawaliwe na Sultani? Toka hapo shaka inamla, lakini neno lake limeshaunganisha makabila yaliyokuwa hayapikiki chungu kimoja, na vita haimsubiri. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi ni uongo. Anakataa. Hapo nawauliza: ni ukaidi, au ameona kwamba akiyakana maji atakuwa ameikana na haki ya kupigana? Darasa linagawanyika mpaka kengele inalia.

Haya, zamu yenu.

Mdau wa Mwanza: Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi. Tuliisoma akina mama peke yetu, wengi wakamshukia Rosa. Mimi nikamshikia bango Zakaria. Baba mlevi anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu binti anatoka nyumbani kwenda kusoma, hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza lolote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa. Mnategemea nini? Kujiua kwake kuko mwisho wa kitabu, ila anguko limeanzia sebuleni kwa baba yake.

Mwanafunzi, kidato cha nne: Kwangu ni Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds. Binti Furaha ameshakufa toka mwanzo, kwa hiyo hatungoji afe. Tunawaangalia wanaume wanavyohaha wakidhani orodha aliyoiacha ni ya majina yao. Niliwacheka kweli, na bado ni tanzia.

Mdau wa Lamu: Nyinyi mna vitabu, sisi tumelelewa na hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani. Silaha zote hazimuui ila sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa, kwa kuahidiwa binti wa mfalme. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufa vivyo hivyo. Watu wanakaa na kiu, hakuna anayethubutu kuteka, mpaka mamake anaombwa aende akambembeleze. Nyanya yangu akisimulia na kufika hapo huwa anamlaani mfalme tu, mtoto hamgusi. Mimi simwachi huyo mtoto.

Mwalimu: Asante ndugu yangu. Sasa wanafunzi wangu lazima wataniuliza: huyo mke alipewa?

Mdau wa Lamu: Wapi!