Bustani imeamka baada ya baridi, ila jirani Mjerumani hanisalimii tena. Nimpelekee zawadi gani?

Kihamba_Ughaibuni: Wakuu, habari za jioni. Nipo Ujerumani, mji mdogo karibu na Kassel, mwaka wa tatu sasa. Tumepanga nyumba yenye bustani nyuma. Baridi imeondoka, saa zimesogezwa mbele, jua linazama saa mbili usiku na ushee. Asubuhi nashuka na kikombe changu cha chai kuangalia tulipu zinavyotoboa udongo. Hakuna aliyezimwagilia, hakuna aliyezigusa tangu zifukiwe. Mimi niliyekulia kwenye masika na vuli bado nashangaa.

Tatizo ni jirani, mzee mstaafu. Mwaka jana alinipa miche ya nyanya. Wiki mbili sasa akiniona anaingia ndani. Nimefikiria nimpelekee kahawa ya Kilimanjaro. Inatosha?

MamaTausi: Peleka keki. Wale watu na keki ya alasiri ni ndugu. Mie nilifanya kazi za ndani kwa familia moja huko miaka ya nyuma, mama mwenye nyumba alininunia mwezi mzima kumbe nilitupa chupa kwenye pipa la karatasi.

Mzee_Kobe: Vijana mkifika Ulaya mnasahau salamu. Mtoto wangu yuko Hamburg, mwaka wa pili huu hajapiga simu.

Fundi Sozi: Mtu haachi kusalimia hivihivi. Ulimfanya nini?

Kihamba_Ughaibuni: Sijamfanya kitu mkuu. Nilipunguza tu matawi ya uzio wa miti ulio kati yetu.

Fundi Sozi: Ulipunguza kiasi gani? Na uzio ni wa nani?

Kihamba_Ughaibuni: Naona mmenishikia bango. Haya, ulikuwa unanipita kimo, sasa unanifika magotini. Uko mpakani. Mwenye nyumba wetu anasema walipanda baba yake na huyo mzee. Lakini nisikilizeni kabla hamjanihukumu: uko upande wa kusini, unanifunika kivuli mpaka mchana, na mchicha hautaki kivuli. Nimeshaagiza uzio wa plastiki, unafika Alhamisi. Kwa hiyo shida imekwisha, nauliza habari ya zawadi tu.

Dada_Leipzig: Shida ndiyo inaanza. Hapa kukata uzio wa miti mpaka chini ni marufuku kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba, kwa sababu ndege wanataga. Kupunguza machipukizi ya mwaka kunaruhusiwa, ulichofanya wewe siyo hicho. Kuna faini, kila jimbo na kiwango chake. Tafadhali usiniambie ilikuwa Jumapili, siku ya utulivu hapa.

Kihamba_Ughaibuni: Jumapili ndiyo siku yangu ya mapumziko.

Dada_Leipzig: Kwa mashine?

Kihamba_Ughaibuni: Ya kuazima.

Bwana Ndizi: 😂😂😂 Mzee alikuwa mezani na yai lake la kuchemsha.

Mmarangu: Mimi jina lako ndilo linaniumiza. Unajiita Kihamba, shamba la ukoo la Mchaga, halafu unakata mpaka? Nyumbani Uchagani mpaka ni masale, ile mimea ya majani marefu, na mtu aking'oa sale la jirani kikao kinakaa mpaka usiku. Babu yangu na mdogo wake waligombea hatua mbili za migomba hadi mmoja akazikwa. Na ukikosa unaomba msamaha kwa jani hilohilo la sale. Mpelekee basi.

Bwana Ndizi: Mjerumani akipewa jani la sale atauliza linamwagiliwa mara ngapi kwa wiki.

Tomaso_Asiyeamini: Wakuu mnalishwa chai. Mchicha gani wa Aprili Ujerumani? Nimeishi huko miaka sita. Wenyeji hawatoi nje mmea wa joto mpaka siku za wale watakatifu wa barafu zipite, 11 hadi 15 Mei, maana umande huganda usiku ukaua kila kitu. Huyu yuko Mbezi anatunga. Leta picha.

MamaTausi: Hata mie nilishangaa, ila nilinyamaza.

Kihamba_Ughaibuni: Sipo Mbezi. Mchicha uko dirishani jikoni kwenye visanduku vya mayai, umetoa majani mawili. Nje kuna sukuma peke yake, hiyo inastahimili.

Tomaso_Asiyeamini: Kwa hiyo ulikata uzio mwezi mzima kabla ya kuhitaji jua. Haraka ya nini? Picha.

Kihamba_Ughaibuni: Picha siwezi kuweka.

Fundi Sozi: Kwa nini?

Kihamba_Ughaibuni: Kulikuwa na kiota. Yule ndege mweusi mwenye mdomo wa njano, anayeimba alfajiri. Sikukiona mpaka kilipodondoka. Mayai manne, ya kijani kama ya bluu. Nilikirudisha kwenye kisiki, ndege hakurudi. Mzee alikuwa dirishani wakati wote. Mwaka jana aliniita nije kumsikiliza ndege huyo, tukasimama pale hatusemi kitu, Kijerumani changu kilikuwa kibovu.

Mmarangu: Aisee.

Dada_Leipzig: Rudisha hiyo plastiki. Nenda mikono mitupu, sema ulikosa, muulize vuli mpande nini. Kahawa iache nyumbani.

Kihamba_Ughaibuni: Plastiki nimelipia tayari, dada. Na wakiirudisha wanakata nauli.

Tomaso_Asiyeamini: Sasa nimeamini. Chai haiwezi kuwa na mtu mbishi hivi.

Kihamba_Ughaibuni: Ijumaa, taarifa fupi. Plastiki imefika, iko gereji, sijaifungua. Leo mzee alitoka na futi kamba, akapima visiki kimoja kimoja, akaandika kwenye karatasi. Nikasema habari ya asubuhi. Akaitikia. Karatasi aliikunja akaingia nayo ndani.

Bwana Ndizi: Hiyo ni hesabu ya miche au ya faini?