Kigawo na kigawe, hivi tofauti yake ni nini jamani?

babamtoto_77:
Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko la sita, kaleta homuweki ya hisabati eti atafute KKS na KDS za 12 na 18. Mimi sekondari yote nimesoma kwa kiingereza, haya majina ya kiswahili yameshafutika kichwani, nikamwambia kigawo na kigawe ni kitu kimoja wameandika tofauti tu, kaenda shule kapigwa mkasi mwekundu daftari zima na sasa haniamini tena. Na kuna kipeo na kipeuo, hivi hawa waliotunga waliishiwa herufi?

mwl_mstaafu:
Pole sana mzazi mwenzangu 😂 sikiliza kiswahili chenyewe kinakuambia. Kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Kwa hiyo kigawe ni kile kinachogawanywa, na kigawo ndo kinachogawa. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12 basi vimeisha. Vigawe vyake ni 12, 24, 36, 48 unaenda mpaka usingizi ukushike. Sasa KKS ni kigawo kikubwa cha shirika, yaani cha namba zote mbili kwa pamoja, kwa 12 na 18 ni 6, na KDS ni kigawe kidogo cha shirika, hapo ni 36. Kipeo ni kupanda kama upeo, 7 kwa kipeo cha pili, yaani 7 mara 7, ni 49, kipeuo unashuka, kipeuo cha pili cha 49 unarudi kwenye 7.

fundi_seremala:
Mi kilichonitesa ni kipenyo na nusukipenyo. Kipenyo kinapenya duara katikati kutoka ukingo mpaka ukingo, kwenye eneo la duara unatumia nusu yake. Meza ya duara ya kipenyo futi 14 ukisahau kukata nusu unapata futi za mraba 616 badala ya 154, mteja unamuuzia mbao mara nne

bint_pwani:
Shufwa na witiri je, zile namba zinazogawanyika kwa 2 bila baki na zisizogawanyika? Sie wa madrasa hiyo tuliipata bure, witri inaswaliwa rakaa moja au tatu, haiwi mbili. Tasa ndo jina linaloniuma, namba haina kigawo ila 1 na yenyewe wakaona waiite tasa 😅

babamtoto_77:
Mwalimu ubarikiwe, hiyo ya kiumbe na mteule nimemwambia kaelewa papo hapo, heshima yangu imerudi kidogo. Ila sasa kaja na lingine, sifuri ni shufwa au witiri? Nimemwambia akalale.

mwl_mstaafu:
Shufwa mkuu, unaigawa kwa 2 na haibaki kitu. Kamwamshe.