Wauza mifuko ya kulalia, ile namba kubwa ya baridi kwenye lebo ni utapeli

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa malalamiko, kwa hiyo sizunguki.

Majira ya baridi yakikaribia, kilio ni kilekile: mfuko umeandikwa -15, mtu kaulalia kwenye -5 na kakesha akitetemeka mpaka kunakucha. Akirudi kuuliza anaambiwa eti yeye ndiye mwenye mwili wa baridi. Mwili hauna kosa hapo. Namba ndiyo ya uongo, na aliyeiandika kwa herufi kubwa anajua alichofanya.

Kipimo halali kipo. Kilianza Ulaya kwa jina la EN 13537, na mwaka 2016 kikaja cha kimataifa, ISO 23537. Sanamu ya ukubwa wa mtu inayopashwa joto kwa umeme huvalishwa nguo za ndani na soksi ndefu, ikaingizwa kwenye mfuko, ikalazwa juu ya godoro ndani ya chumba cha baridi, kisha hupimwa joto linalopotea. Hapo zinatoka namba tatu za kuzingatia ukienda kwenye baridi. Ya starehe ni pale mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya kikomo ni pale mwanamume wa kawaida amejikunja kama kamba wa baharini, lakini bado anapata usingizi. Ya tatu ni ya hatari, na hiyo haihusiani na kulala hata kidogo: ni pale mwanamke wa kawaida anaweza kukaa saa 6 bila kufa kwa baridi, na bado vidole vyake vinaweza kuganda.

Sasa oneni ujanja. Chukua mfuko ambao starehe yake ni -1, kikomo -7, hatari -24. Mwenye haya kidogo anaandika -7 mbele. Asiye na haya anaandika -24, anaweka na picha ya mlima wenye theluji. Ile -1, ambayo ndiyo namba ya kununulia, imefichwa kwenye kitambaa kidogo karibu na zipu, kwa maandishi ya kusomwa na kioo cha kukuzia. Wengine hawaandiki kipimo chochote, wanakupa "misimu minne" tu. Misimu minne ya wapi? Neno hilo halina kipimo nyuma yake, kila mtu analitumia anavyopenda.

Kwa hiyo soma ya starehe, hata kama wewe ni mwanamume. Kisha chukua baridi kali kuliko zote unayoitarajia usiku na uongeze akiba ya digrii 5 hivi. Usiku ukitarajiwa kufika -8, tafuta starehe ya -13 au karibu na hapo. Uchovu, njaa na nguo zenye unyevu vinakula hiyo akiba upesi, na ile sanamu ya maabara haichoki wala haina njaa.

Utapeli wa pili ni wa manyoya ya bata. "Manyoya ya 800!" wanapiga tarumbeta. Hiyo 800 ni ubora, siyo wingi: aunsi moja ya manyoya, yaani gramu 28 na kidogo, ikiumuka hujaza inchi za ujazo 800, kama lita 13. Swali wasilotaka uulize ni gramu ngapi zimo ndani. Piga hesabu mwenyewe. Gramu 350 za 800 zinaumuka kufikia lita 160 hivi. Gramu 700 za 600, wanazoziita za kimaskini, zinafika kama lita 240. Upi una joto? Huo wa pili, ila ni mzito zaidi na hauminyiki vizuri. Kinachokutunzia joto ni hewa iliyotulia kati ya manyoya, kwa hiyo unene wa mfuko ukishaumuka ndio ukweli wenyewe. Asiyeandika gramu za manyoya peke yake, akakupa uzito wa mfuko mzima, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Angalia na mshono. Mifuko rahisi imeshonwa kitambaa cha nje na cha ndani pamoja, kwa hiyo kila mstari wa uzi ni mahali ambapo hamna manyoya kabisa. Kwa kiangazi sawa. Kwa theluji, hiyo ni mistari ya baridi kuanzia shingoni hadi miguuni. Unaotakiwa una kuta ndogo za kitambaa kati ya nje na ndani, zinazotengeneza vyumba. Namna ya kujua: uelekeze kwenye mwanga mkali. Mwanga ukipenya kwenye mstari wa mshono, rudisha. Ukiona vyumba vina mabonge upande mmoja na uwazi upande wa pili, manyoya ni kidogo au yanahama.

Halafu kuna vitu ambavyo muuzaji anaviruka kwa sababu havipendezi pichani. Nyuma ya zipu lazima kuwe na bomba nono la manyoya kwa urefu wote. Shingoni kuwe na kola yenye kamba ya kukaza. Bila kola, kila ukigeuka mfuko unafanya kazi ya mvukuto: unasukuma hewa moto nje na kuvuta baridi ndani. Kofia ikazike hadi libaki tundu la pua na mdomo, na ikazike kwa mkono mmoja wenye glavu, gizani. Jaribuni hilo dukani, mtaona sura ya muuzaji inavyobadilika.

Ukubwa nao. Vidole vya miguu vikigusa mwisho wa mfuko vinaminya manyoya na miguu inaganda. Acha nafasi ya sentimita 15 hivi, zaidi kidogo ukitaka kulala na viatu vya ndani au chupa. Mabegani usibane, kwa sababu ile ile. Lakini mfuko mpana kama gunia la mkaa nao ni mbaya, maana unapasha hewa isiyokuhusu.

Poliesta au manyoya? Manyoya ni mepesi, yanaminyika na yanadumu miaka mingi yakitunzwa, ila yakilowa yanalala chapa na joto linakwisha. Poliesta ni nzito na nene begini, lakini ikilowa bado inabakiza joto kiasi. Baridi kavu chini ya sifuri, chukua manyoya. Baridi ya mvua inayocheza kwenye sifuri, poliesta haina aibu.

Na hapa mniruhusu niwagombeze wanunuzi pia. Mnamwaga pesa nyingi kwenye mfuko halafu mnaulaza juu ya godoro la kuchezea ufukweni! Manyoya ya chini yako yameminywa na uzito wako, hayana kazi. Baridi ya ardhi inazuiwa na godoro. Tazama thamani ya R, yaani namba ya jinsi godoro linavyozuia joto lisipotee: juu ya theluji tafuta 5 au zaidi. Thamani hizo hujumlishwa, kwa hiyo sponji ya R 2 chini ya godoro la hewa la R 4 inakupa 6, na godoro likipasuka usiku bado una kitu chini yako.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyokuja:

Mkuu uliyeuliza kuhusu shuka la ndani "linaloongeza digrii 14": sahau. Shuka jembamba linaongeza digrii chache tu. Faida yake kubwa ni kuuweka mfuko safi.

Dada uliyesema mfuko ulikuwa na joto usiku wa kwanza na wa tatu ukawa baridi: huo ni unyevu. Jasho linaingia kwenye manyoya, likifika karibu na kitambaa cha nje linaganda. Usipumulie ndani ya mfuko, uanike juani kila unapopata nafasi, na kwa safari ndefu ya baridi kali tumia mfuko wa ndani usiopitisha mvuke. Nyumbani usiuhifadhi ukiwa umeminywa, utundike au uweke kwenye gunia kubwa lenye hewa.

Na ndugu uliyeshauri watu wawashe jiko hemani kabla ya kulala, futa hilo andiko. Kaboni monoksidi haina harufu. Chemsha maji nje, jaza chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, iweke kati ya mapaja. Utoe mfuko uumuke nusu saa kabla ya kuuingia, kula kitu chenye mafuta, na uende haja kwanza.

Wauzaji mliomo humu, mnaosoma kimyakimya: bandikeni picha ya lebo ya ndani, namba zote tatu, na gramu za manyoya. Nasubiri.